Kipupwe Kimeingia: Twende Tukaukoge Mwaka



Ukisimama asubuhi katika kituo cha Mbagala Rangi Tatu, kabla jua halijapanda, hebu tazama ubavuni mwa mabasi madogo yanayosubiri abiria. Mengi yana maandishi yasiyosomeka kwetu, herufi zilizosimama kama vibanda vidogo vya miti. Hayo ni maandishi ya Kijapani. Mabasi hayo yalitumika kwanza Japani, katika shule za chekechea, hoteli au makampuni ya usafiri, kisha yakauzwa, yakavuka bahari na kuja kumalizia maisha yake katika vumbi na tope la Temeke. Kila siku tunayapanda, tunabanana, tunamtolea kondakta nauli, wala hatujiulizi yamepita wapi. Huenda basi lililokupeleka jana kazini Kurasini liliwahi kuwabeba wazee wa mji fulani wa huko wakienda kutazama maua.

Nasema kutazama maua kwa sababu Wajapani husafiri kwa ajili hiyo hasa. Mwishoni mwa mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Aprili, miti ya sakura inapochanua, watu hutoka majumbani na mikeka yao na chakula walichofunga, wakaketi chini ya matawi. Si matajiri peke yao. Mfanyakazi wa kiwandani, karani wa ofisini, mama na watoto wake, wote huenda, na aghalabu safari yenyewe ni ya kwenda bustani ya mtaa wa pili tu. Maua yale hayadumu hata wiki mbili, na hiyo ndiyo sababu ya haraka yao. Mwisho wa Aprili na siku za kwanza za Mei huja likizo kadhaa zilizofuatana, na magari ya moshi hujaa watu wanaorudi kwa wazazi wao au wanaokwenda milimani. Mwezi wa Juni huleta mvua wanazoziita mvua za plamu, kwa kuwa matunda hayo huiva wakati huo. Hata mvua hizo hazikatazi safari. Wapo wanaokwenda usiku kando ya mito kutazama vimulimuli. Kisha mvua hukatika na kiangazi huanza.

Lililonivutia zaidi katika habari zao si safari, bali hesabu. Tangu zamani Wajapani waliugawa mwaka katika vipindi 72 vya siku kama tano tano, mpango walioupokea kutoka China na kuurekebisha kwa hali ya hewa ya kwao. Kila kipindi kina jina lake. Mwanzoni mwa Juni kuna kipindi cha kuanguliwa kwa vunjajungu, kinafuatiwa na kile cha majani yaliyooza kugeuka vimulimuli, na baadaye kile cha plamu kugeuka manjano. Kadhalika, huhesabu siku kuanzia mwanzo wa majira ya kuchipua, tarehe 4 Februari au karibu yake. Siku ya 88, ambayo huangukia mapema Mei, ni siku maarufu ya kuchuma chai. Siku ya 210, karibu na tarehe 1 Septemba, ni siku ya kujihadhari na tufani. Nchi ile iliacha kalenda yake ya kale na kuchukua ya kimataifa tangu tarehe 1 Januari, 1873, lakini hesabu hizo hawakuzitupa.

Sisi je, ndugu msomaji? Ukimwuliza mtoto wa Tandika mwaka una majira mangapi, atakujibu kwamba ni mawili: majira ya tope na majira ya vumbi. Naye hatakuwa amekosea sana, kwa jinsi mitaa yetu ilivyo. Lakini lugha anayoizungumza mtoto huyo ina majina mengi zaidi: kaskazi na joto lake, masika, kipupwe, demani, vuli. Mitaa yenyewe inakumbuka mambo ambayo wakaaji wake wameyasahau. Tuna Temeke Mikoroshini, tuna Mwembe Yanga, tuna Mivinjeni kule Kurasini. Hayo ni majina ya miti. Tunayataja kila siku tunapomwelekeza mgeni, na mgeni hatafuti mkorosho. Anatafuta duka la simu lililo jirani.

Sasa ndipo masika yanapoondoka na kipupwe kuingia. Dalili zake ziko wazi kwa anayetaka kuziona. Madimbwi ya njiani yanakauka. Mama anaamka alfajiri na kujitanda khanga ya pili mabegani. Watoto wanakwenda shule wamevaa sweta ambazo zimelala sandukuni tangu mwaka jana na sasa haziwafiki viganjani. Mbu wamepungua kidogo. Machungwa yamerundikwa sokoni Tandika na Temeke Stereo, na bei yake ni ya kumfurahisha mnunuzi. Samaki, kwa upande mwingine, wameadimika, kwa kuwa upepo wa kusi umeshika na mvuvi mwenye chombo kidogo hathubutu kwenda mbali. Jioni wazee wanasogea karibu na jiko la muuza kahawa, nao hukaa hapo muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji.

Haya ni majira mazuri kuliko yote ya pwani yetu. Jua halichomi, barabara za vijijini hazikwamishi gari, mavuno yameingia ndani. Ndiyo maana ngoma nyingi za Wazaramo, wenyeji wa asili wa sehemu hizi, hufanywa wakati huu, nyumba zenye wali zinapokuwa na cha kuwapa wageni. Nani kati yetu aliyekulia Temeke hajawahi kuufuata mdundiko? Ngoma ilipita mtaani, watoto wakaacha michezo yao wakaifuata, na ilipotulia jioni mtoto alijikuta Yombo au Mtoni, hajui njia ya kurudi kwao. Mama zetu walituchapa kwa hilo. Leo nadhani hizo ndizo safari zetu za kwanza za majira.

Wapo watakaosema kwamba Temeke tunayo safari yetu kubwa ya majira haya, nayo ni Saba Saba. Ni kweli. Siku hiyo, tarehe 7 Julai, ni kumbukumbu ya kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, na maonyesho ya biashara ya kimataifa yaliyoanza mwaka 1976 yako mlangoni kwetu, Barabara ya Kilwa. (Wajapani nao wana sikukuu siku hiyohiyo ya saba ya mwezi wa saba. Ni usiku ambao nyota mbili zinazopendana, mfumaji na mchunga ng'ombe, husemekana kukutana mara moja tu kwa mwaka, na watu huandika maombi yao katika vipande vya karatasi wakavifunga kwenye matawi ya mianzi.) Siyabezi maonyesho yetu, nami huenda kila mwaka. Lakini yeyote aliyewapeleka watoto wanne Saba Saba anajua jinsi siku ile inavyokwisha. Umeona majokofu, umeona matrekta, mtoto mdogo amelilia kila kilichouzwa, na mfuko umebaki na nauli tu. Hiyo ni safari ya kutazama bidhaa. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya safari ya namna nyingine.

Upande wa pili wa mkondo wa bahari, kusini mwa kisiwa cha Unguja, uko mji wa Makunduchi. Kila mwaka katika mwezi wa Julai, baada ya nusu ya kwanza ya mwezi kupita, watu wa huko huuaga mwaka mkongwe na kuupokea mpya. Sherehe yenyewe huitwa Mwaka Kogwa. Kukoga ndiko kuoga, kwa kuwa katika desturi ya kale watu walikwenda baharini kujiosha na kuuacha huko uchafu wa mwaka uliopita. Siku ya mkesha, yaani siku ya mwisho ya mwaka, wazee huiita kibunzi. Mwaka huo pia huitwa Nairuzi, neno lililotoka kwa Waajemi, na maana yake kwao ni siku mpya. Wenyeji hulihusisha na Washirazi wa kale. Habari hizo za Washirazi zina ubishi wake miongoni mwa wataalamu, ila msikiti wa Kizimkazi, ulio jirani na Makunduchi, una maandishi ya jiwe yenye tarehe inayolingana na mwaka 1107. Desturi ya Siku ya Mwaka haikuwa ya Makunduchi peke yake. Ilijulikana katika pwani yote ya Waswahili, na Mombasa nako wazee walizoea kuchinja ng'ombe siku hiyo. Lakini Makunduchi ndiko ilikobaki na nguvu zake.

Nilikwenda kwa mara ya kwanza mwaka 2017, pamoja na mama watoto na watoto wetu wawili, binti aliyekuwa na miaka tisa na mdogo wake wa kiume. Niliomba ruhusa ya siku moja tu kazini. Tuliondoka mjini Unguja mapema kwa daladala, safari ya kiasi cha kilomita 60, tukapita Jozani ambako watoto waliwaona kima punju kando ya barabara. Kikapuni mlikuwa na mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai kutoka Temeke. Nilijiona baba mwenye hesabu nzuri.

Uwanjani tuliyakuta mambo yameanza. Wanaume wa mtaa wa kusini na wale wa kaskazini walisimama pande mbili, kila mmoja na kigogo cha mgomba mkononi. Kwanza yalikuja maneno. Walitukanana kwa ustadi, matusi ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la familia, kisha wakavamiana na kuanza kutandikana. Mgomba ni laini na una maji; unapiga kelele kubwa na kuumiza kidogo. Nasikia zamani walitumia fimbo. Mwanangu wa kiume alinishika suruali akidhani ni vita kweli. Nilimweleza nilivyoelezwa mimi na mwenyeji aliyesimama karibu, kwamba wenye chuki na wenye deni la maneno hulimaliza siku ile, wasiingie nalo katika mwaka mpya. Baada ya hapo niliwaona wawili waliokuwa wakipigana wakisaidiana kutoa vipande vya mgomba katika nywele zao.

Wakati huo wanawake, wamevaa nguo zao zilizo bora kuliko zote, walikuwa wakizunguka na kuimba, na nyimbo zenyewe ni za kurushiana vijembe. Kikajengwa kibanda cha makuti. Mtu mmoja akaingia ndani, kibanda kikatiwa moto. Pale palikuwa na kimya, nami nakiri moyo wangu uliruka. Kisha akatoka mbio upande wa pili na kutokomea vichakani huku watu wakipiga kelele za furaha. Wazee hawakumtazama yeye. Walikuwa wakitazama moshi, kwa kuwa upande uelekeapo moshi ndiko wanakosoma bahati ya mwaka. Kuhusu kibanda, husema kwamba nyumba ikiungua mwaka huo, waliomo watasalimika.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Watu walipoanza kutawanyika nilitazama saa, nikawahimiza wangu, maana boti ya mwisho ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa jioni ileile. Tulipopita mbele ya nyumba moja, bibi mmoja mzee alisimama mlangoni akatuita.

"Karibuni, wanangu. Karibuni mle."

"Shikamoo, bibi," nikamjibu. "Ahsante sana, sisi tumekwisha kula. Tunawahi boti."

Kusema kweli, msomaji, nilidhani ni biashara. Sisi wa mjini mtu akitukaribisha chakula bila kutufahamu, mkono huenda kwanza mfukoni kuilinda pochi. Bibi hakusema neno. Aliangalia chini, akarudi ndani. Kijana mmoja aliyekuwa akitufuata nyuma ndiye aliyenieleza, tena kwa adabu kubwa, kwamba siku ile nyumba isiyopata mgeni huhesabu kuwa imekosa baraka, na kwamba bibi yule amekaa mlangoni tangu asubuhi.

Mama watoto ndiye aliyegeuka kwanza. Hakunilaumu, alisema tu, "Baba, turudi," akawashika watoto mikono na kutangulia.

Tulikula wali wa nazi, samaki wa mchuzi na mikate ya kumimina. Mkate wangu wa Temeke ulibaki kikapuni ukinisuta. Bibi alimkalisha binti yangu karibu naye, akamwuliza, "Mjukuu wangu, kwenu Temeke leo ni siku ya ngapi ya mwaka?" Mtoto akataja tarehe ya Julai, kama alivyofundishwa shuleni. Bibi akacheka hadi akajifuta machozi. "Hapa kwetu leo ni siku ya mosi," alisema. "Umekuja mwaka ukiwa haujachafuka."

Kisha akatueleza habari ambazo zilinifanya nisahau saa. Baba yake, aliyekuwa mvuvi, hakujua kusoma, lakini aliuhesabu mwaka wote kwa miongo. Mwongo mmoja ni siku kumi. Miongo 36 hufanya siku 360, na siku tano zinazobaki huitwa gatha. Ukimwuliza mtu wa zamani wa pwani wakati wa kupanda mtama, au wakati wa kutweka tanga kuelekea kaskazini, hakukutajia mwezi wa Mei au wa Agosti. Alikutajia mwongo. Miezi ya Kiislamu huzunguka misimu yote na haiwezi kumwambia mkulima wala nahodha lini upepo utageuka. Kwa kazi hiyo walitumia Nairuzi. Nilipomsikiliza nilikumbuka wale Wajapani na siku yao ya 88 ya kuchuma chai. Jambo ni lilelile. Tofauti ni kwamba kule hesabu ile huchapishwa katika kalenda za kutundika ukutani, na huku ilibaki katika kichwa cha bibi mmoja, kando ya sinia la wali.

Hesabu ya Nairuzi ina ila moja. Haina siku ya ziada ya mwaka mrefu, kwa hiyo kila baada ya miaka minne hutangulia kwa siku moja mbele ya kalenda ya kawaida. Katika miaka 100 hutangulia siku 24 au 25. Maana yake ni kwamba katikati ya karne ya 19 mwaka uliogwa mwishoni mwa Agosti, demani ilipokuwa ikikaribia, na wajukuu wa watoto wetu wataukoga mwezi wa Juni. Hivyo basi usiamini tarehe uliyoiona katika karatasi ya zamani. Uliza kila mwaka kwa watu wa Makunduchi wenyewe. Wako wengi hapa Dar es Salaam.

Boti ilituacha. Tulilala nyumbani kwa bibi, watoto juu ya mkeka, na kesho yake nilifika kazini saa nane mchana nikapokea barua ya onyo ambayo bado iko katika jalada langu. Haki yao, sikuwa na ruhusa ya siku ya pili. Nalitaja hili ili wewe usirudie kosa langu. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Wengi wetu huzitumia kukarabati choo, kufukuzia madeni au kulala. Kata siku tatu kati ya hizo, uzipange mapema, uziweke Julai. Suala la shule ni gumu zaidi, kwa kuwa Mwaka Kogwa huangukia wakati ambao aghalabu shule zimekwisha fungua muhula wa pili. Sisemi kila mzazi amtoe mtoto darasani. Sisi tulimwendea mwalimu mkuu, tukamweleza, naye akakubali kwa sharti kwamba binti aje asimulie wenzake alichokiona. Alisimulia. Nasikia habari za mtu kuchomewa kibanda zilileta vurugu ya siku mbili katika mchezo wa mapumziko.

Neno kuhusu bahari. Julai ni mwezi wa kusi, na mkondo kati ya Dar es Salaam na Unguja si wa kufanyiwa mzaha. Boti za mwendo kasi hutumia karibu saa mbili. Unapokwenda, upepo unakusukuma kutoka nyuma na safari huwa nyepesi. Unaporudi chombo hupigana na mawimbi, na hapo ndipo abiria hutapika. Tafuna tangawizi, kaa sehemu ya nyuma iliyo chini, wala usimlishe mtoto chakula kizito kabla ya kuondoka. Hayo ni madogo. Tarehe 18 Julai, 2012, meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali, na watu wengi walipoteza maisha. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha, hata kama tiketi umekwisha kuilipia. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka. Mwonyeshe kila mtoto mahali yalipo maboya ya kujiokolea kabla nanga haijang'olewa. Mwaka 2019 tulifunga mizigo yetu, tukasikiliza redio, tukaifungua. Watoto walinuna. Niliona ni afadhali.

Fedha nazo. Nyumbani kwetu tuna kibubu cha bati kinachoanza kulishwa Januari, kila mtu kwa uwezo wake, na mtoto wa kiume hutia sarafu moja moja kwa kishindo ili wote tusikie. Wengine hutumia mchezo wa upatu, na mwenye zamu ya Juni ndiye anayesafiri. Ukiwa na familia kubwa, si lazima waende wote mwaka mmoja. Ila nakuomba jambo moja kama mume kwa mume: usimpeleke mkeo safari ili akapike huko kama apikavyo hapa. Nimewaona akina mama ufukweni wakipuliza moto wa kuni huku waume zao wamenyoosha miguu wakisifu upepo. Na wote wawili mvae kwa heshima, kwa kuwa mnaingia katika mji wa watu wa dini. Mama na khanga zake, baba na kanzu au suruali ndefu. Mwulize mwenyeji kabla ya kumpiga picha. Chukua zawadi ya nyumba: sukari, unga au sabuni. Usiulize bei ya chakula.

Kwa yule ambaye kibubu chake mwaka huu hakikutosha kuvuka bahari, iko safari nyingine, tena ya daladala. Fuata Barabara ya Kilwa, vuka Mbagala, endelea hadi Mkuranga. Huko ndiko mikorosho ilikobaki, ile iliyohama kutoka Mikoroshini yetu ikatuachia jina. Mvua zikishakatika na baridi ikaja, mikorosho huanza kutoa maua, na kazi hiyo huendelea Julai na Agosti. Ua lake ni dogo mno, hufunguka likiwa hafifu kisha likaingia rangi ya waridi, na harufu yake ni tamu, hasa asubuhi. Hakuna atakayekutoza kiingilio. Tandika mkeka chini ya mti mmoja, baada ya kumwomba ruhusa mwenye shamba, toa machungwa yako, uwaache watoto wahesabu nyuki. Mwenye shamba anaweza kukucheka. Wa kwetu alicheka, akauliza kama tumepoteza kitu, na aliposikia kwamba tumekuja kutazama maua tu, alikwenda kumwita mkewe aje atuone.

Mwaka huu tumepanga kurudi Makunduchi. Bibi ametutumia salamu kupitia kijana wake anayefanya kazi bandarini, akiuliza kama yule binti amejifunza kuhesabu miongo. Binti ametundika jikoni karatasi yenye vijumba 36 vya siku kumi kumi na vitano vya gatha pembeni, na kila jioni hukata kimoja kwa kalamu nyekundu. Kazini nimeomba ruhusa ya siku tatu, kwa maandishi, na nakala ninayo.